Chupa Niliyompa Mchezaji wa Welisi

Ndugu zangu wa barazani kwa Rajabu,

Tangu nirudi Rumonge hamnipi nafasi. Nikienda sokoni mnaniuliza. Nikitoka misa mnaningojea mlangoni. Rajabu mwenyewe, fundi wetu wa nguo, suruali yangu ameishika mkononi wiki nzima, anasema, "Karani, kwanza habari za Ulaya, halafu pindo." Basi nimekaa siku tatu nikaandika, ili niwasomee wote kwa pamoja, na kesho mtu asiseme nilibadilisha maneno.

Mambo ya pasi, tiketi na mihuri siwaandikii. Mtu aliyekuwa karani wa bandari miaka thelathini ameshaona mihuri ya kutosha. Ninaanza na sababu.

Mnamjua binti yangu Fania. Mwaka wa uhuru alikuwa darasa la sita. Baadaye masista walimpeleka Ufaransa kusomea uuguzi, na huko akaolewa na Mfaransa, mwashi wa nyumba, ambaye siku za Jumapili anacheza mpira wanaouita mchezo wa watu kumi na watatu. Jina lake André, sisi tunasema Andrea. Fania aliniandikia kuomba radhi ya mzazi. Nikamjibu kwa ile barua mnayoijua, kwamba radhi hapati, na kwamba mtu huyo si mkwe wangu. Tukanyamaza miaka miwili, yeye huko, mimi hapa.

Halafu ikaja barua nyingine, fupi. Ana mimba ya miezi saba. Hataki kuzaa bila radhi ya baba yake. Mume wake amechaguliwa kuchezea nchi yake katika mashindano ya Ufaransa, Uingereza na Welisi. "Kama unakuja, Papa, njoo sasa."

Mimi nilikuwa nimejuta zamani, kabla hata wino wa barua yangu haujakauka vizuri. Nilichokosa ni namna ya kurudi nyuma bila watu kuniona ninarudi nyuma. Mpira ukanipa namna. Ninyi nyote niliwaambia ninakwenda kutazama mchezo. Jambo la pili sikuwaambia.

Jambo la pili ni hili. Babu yangu, aliyevuka ziwa kutoka upande wa Kongo, alituachia desturi katika nyumba yetu. Mzazi aliyemnyima mtoto radhi hairudishi kwa maneno matupu. Anachukua maji ya ziwa, anashika kidogo mdomoni, anampulizia mtoto kifuani na kusema, "Nenda, nimekuridhia." Lazima yawe maji ya ziwa letu. Kwa hiyo asubuhi ya kuondoka nilishuka pale wanaposhushia mizigo, nikajaza chupa moja, nikaifunga kwa kizibo, nikaifunika kwa koti.

Rumonge hadi Bujumbura

Nilipanda lori lililotoka Kizuka na madebe ya mawese. Nilikaa mbele na dereva, chupa katikati ya magoti, mfuko wa samaki wadogo, ndagala kavu, miguuni. Tulipofika Muhuta, mvua ya usiku ilikuwa imeshusha kilima barabarani. Watu wenye majembe walikuwa wanatoa udongo bila haraka. Dereva akazima mtambo, akavuta kofia machoni, akalala.

Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anachoma mukeke. Nikanunua mmoja na bugali ya muhogo, nikakaa kwenye jiwe. Samaki alikuwa na mafuta mpaka kwenye mkia, na kusema kweli chakula kama kile sikukipata tena mpaka niliporudi.

"Amahoro, muzee," akasema. "Unaenda wapi na koti kama hiyo, na jua iko kali?"

"Ulaya. Mukwe wangu anacheza mupira."

"Na mupira yao haichezwi kama wewe hauko?"

Wenye majembe wakacheka. Sijui kwa nini, mtu ambaye sikumjua nilimweleza yote ambayo ninyi niliwaficha. Alinisikiliza huku akigeuza samaki. Kisha akanyoosha mkono, akaitwaa chupa, akaitazama kwenye jua.

"Hii umechota wapi?"

"Rumonge, pale bandarini."

"Ona basi! Mawese inaelea juu. Muzee, unataka kubariki mutoto ao kumukaanga?"

Nikatazama, ni kweli. Juu ya maji kulikuwa na duara jekundu la mafuta. Miaka thelathini niliandika madebe yaliyokuwa yakivuja pale, na sikufikiri. Mama akamwita kaka yake, akanipandisha mtumbwini nikiwa na koti langu la Ulaya, tukapiga kasia mpaka maji yakawa meusi kwa kina. Hapo nikasuuza chupa mara tatu, nikajaza. Kule barabarani lori likaanza kupiga honi, njia imefunguka, na ninyi mngeniona nikikimbia kwenye kokoto, viatu mkononi, mama yule akipiga kelele nyuma, "Kimbia, muzee! Mupira inakungoja!"

Angani na Bruseli

Ndege ina kelele kuliko lori, lakini haina mashimo mengi. Walitupa kuku mdogo sana na mkate mgumu. Jirani yangu, padri mnene, alilala begani mwangu kutoka juu ya jangwa mpaka tuliposhuka, na niliona haya kumwamsha.

Bruseli, askari wa forodha alitaka kujua kilichomo kwenye chupa.

"Maji," nikamjibu kwa Kifaransa changu cha sekondari.

"Maji ya nini?"

"Ya binti yangu."

"Bwana, Ulaya kuna maji."

"Ninajua. Haya ni ya kwetu."

Alinusa. Akamwita mwenzake, naye akanusa. Walidhani ni pombe kali. Mwishowe wakaniambia ninywe mbele yao, nikanywa funda moja, wakanitazama kama nitaanguka. Nilipobaki nimesimama wakaniachia. Ndagala nazo wakazinusa, lakini hizo walizirudisha mfukoni haraka bila swali lolote.

Treni ya kusini

Kutoka Bruseli treni moja mpaka Paris. Paris nilingoja nusu siku kwa sababu ya theluji, ambayo ni kama pamba chafu ikishakanyagwa. Sikuiona nzuri. Kisha nikapanda treni ya kusini.

Ndani ya chumba cha treni tulikuwa watu wanane. Nilifanya kama mtu anavyofanya, nikampa mkono kila mmoja na kumuuliza habari za nyumbani. Wakatazamana. Mwanamke mmoja akakumbatia mkoba wake. Lakini nilipofungua ndagala na kuwakaribisha, mwanajeshi mmoja kijana akachukua, akatafuna, akachukua tena, na baada ya hapo mkate, jibini na divai vikaanza kutembea kutoka paja hadi paja.

Karibu na dirisha alikaa mzee mkulima wa zabibu, masharubu ya kijivu. Aliposikia ninakwenda kutazama mchezo wa watu kumi na watatu akasimama, akanipa mkono mara ya pili.

"Unaujua?"

"Hata kidogo."

Akatandaza gazeti mapajani, akaomba ndagala zangu, akazipanga: kumi na tatu upande huu, kumi na tatu upande ule. Kipande cha jibini kikawa mpira. Alinieleza kwamba mpira wenyewe ni mrefu kama papai, unashikwa mikononi, na mtu anakimbia nao mpaka mstari wa wapinzani, lakini kumpa mwenzako ni nyuma tu.

"Kwa nini nyuma, na wanataka kwenda mbele?"

"Mbele wamejaa maadui, bwana. Utampa nani?"

"Na akiangushwa?"

"Wanamwachia. Anainuka, anauweka mpira chini, anausukuma nyuma kwa mguu, mchezo unaendelea. Wale wa mchezo ule mwingine, wa watu kumi na watano, wanamlalia mtu mpaka asahaulike. Sisi tunamwacha ainuke."

Alipomaliza somo alikula mchezaji wa pembeni, yule wa mbio. Mwanajeshi akala safu yote ya mbele. Nilishuka nikiwa nimepoteza timu mbili.

Nyumbani kwa Fania

Fania alinipokea kituoni. Upepo wa kule unapiga kana kwamba una kisa na wewe, na koti la Fania halikufungika mbele kwa sababu ya tumbo. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Paris. Akanitangulia.

"Papa, umekonda," akasema.

"Na wewe umenenepa."

Akacheka. Nyuma yake alisimama mtu mpana kama kabati, pua imepinda, akainama na kusema polepole, kama mtu anayesoma kibao: "Amahoro, databukwe." Yaani baba mkwe; Fania alikuwa amemfundisha. Nilimjibu kwa Kirundi mambo marefu, naye akaitikia kila neno kwa kichwa, hakuelewa hata moja.

Nyumba yao aliijenga Andrea mwenyewe. Nilipapasa kuta nikitafuta kosa, kwa sababu katika ile barua nilimwita mtu wa kuchanganya udongo. Kosa sikuliona. Walinipikia maharage na nyama ya bata, chungu kimekaa jikoni siku nzima, na kama si bata ningesema niko Rumonge. Andrea alichovya mkate katika mawese niliyomletea, akapaka mpaka shavu.

Baada ya kula, Fania alivuta kigoda, akakaa mbele yangu. Alifungua kifungo cha juu cha sweta, akaweka mikono magotini, akangoja. Chupa ilikuwa mezani karibu yangu.

Hapa ndugu zangu nilikosa mara ya pili, na safari hii sina hasira ya kusingizia. Nilifikiri: nimetoka mbali kote huku, nitoe radhi jikoni, mashahidi masufuria? Nilitaka Jumapili, baada ya mechi, Andrea ameshinda, rafiki zake wamesimama, na mimi mzee wa Rumonge na chupa yangu katikati yao.

"Jumapili," nikamwambia. "Baada ya mechi. Mbele ya watu."

"Papa, hii si harusi ya waziri."

"Jumapili, mama."

Akafunga kifungo chake. Akaondoa sahani, akanionyesha blanketi, akaenda kulala.

Jumapili, uwanjani

Familia za wachezaji zilipewa benchi chini kabisa, karibu na kamba. Nilikaa na Fania kushoto kwangu, chupa ndani ya koti. Ufaransa na Welisi. Nguo za Wawelisi nyekundu, na wao wenyewe wekundu zaidi.

Sijaona kitu kama kile. Watu wanagongana kifua kwa kifua, unasikia mlio kama gunia la chumvi linalotupwa sakafuni. Kisha aliyeanguka anainuka, kama alivyonieleza mzee wa treni, anauweka mpira chini, anausukuma nyuma, wanaanza tena. Fania alikuwa akipiga kelele "Andrea! Andrea! Muangushe!" mwanamke mjamzito, jina la mumewe mdomoni mbele ya maelfu. Mara ya kwanza niliinamisha kichwa kwa aibu. Kufika mapumziko nilikuwa napiga kelele kumpita.

Karibu na mwisho Ufaransa walikuwa mbele kwa pointi mbili. Mchezaji mmoja wa Welisi, kijana mkubwa wa nywele za rangi ya mawese, alikimbia kando ya mstari, na Andrea akamgonga. Kijana akarushwa juu ya kamba, akaanguka kwenye viatu vyangu. Mtu wao wa ndoo ya maji alikuwa upande ule mwingine na majeruhi mwingine. Kijana akafungua jicho moja, akaninyooshea mkono, akaomba maji. Kiingereza changu ni kidogo, lakini neno la maji nalijua.

Ninyi mnajua kwetu ufukoni mtu akianguka miguuni pako akiomba maji, humuulizi ametoka wapi. Mkono wangu ulitoa chupa kabla kichwa hakijafika. Nikang'oa kizibo. Akanywa nusu, nusu akajimwagia kichwani. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamshika bega na kusema, "Haya, mwanangu. Inuka, nenda."

Akainuka, akaenda.

Fania alinigeukia polepole. "Papa. Umemupa nani maji yangu?"

Hapo hapo uwanja wote ukapiga kelele. Kijana yule alikuwa ameupata mpira tena. Wa kwanza akamkosa, wa pili akamkosa. Andrea akamfikia, akamshika shati, akang'ang'ania, na yule akamburuta mpaka ng'ambo ya mstari, akaulaza mpira chini na Andrea amelala mgongoni kwake. Pointi tatu. Muda mfupi baadaye filimbi ikalia. Ufaransa imefungwa kwa pointi moja.

Mimi nilikuwa nimeshika chupa tupu. Fania aliitazama, akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika tumbo kwa mikono miwili, na katikati ya kicheko machozi yakaanza, wala sikujua lini kimoja kiliisha.

"Miaka mbili, Papa," akasema. "Miaka mbili niko nangojea. Halafu unapeleka kwa mutu wa Welisi, na anashinda!"

Meza ya timu mbili

Desturi yao ni kwamba waliopigana mchana wanakula pamoja jioni. Ukumbi mmoja, meza ndefu, supu ya vitunguu, soseji, divai. Yule kijana alikuja mpaka kwangu, jicho limevimba kama yai, akanishika mkono. Mtu mmoja akatafsiri: anauliza maji yale yanatoka wapi, maana aliinuka na nguvu ambazo hakuwa nazo.

"Muhuta," nikasema. Akarudia, "Muhuta," akarudi kwa wenzake.

Andrea alikuwa na bandeji kichwani. "Databukwe," akaniambia kwa Kifaransa, uso mkavu kabisa, "nataka kujua tu. Huyo sasa ni shemeji yangu?"

Meza nzima ikacheka, hata Wawelisi walipotafsiriwa. Nikaona huyu mtu ninaweza kuishi naye.

Fania hakucheka na wengine. Sasa akasogeza jagi.

"Iko maji hapa, Papa."

"Si ya ziwa."

"Mimi sikukuomba ziwa. Ni wewe uliamua kuleta ziwa. Mimi nilikuomba useme."

Nilijua ni kweli. Nikasimama. Watu wakanigeukia wakidhani nitatoa hotuba ya mgeni. Nikasema kwa Kiswahili chetu:

"Fania, nilikosa. Nilikuandikia kwa hasira, na wewe hukunikosea lolote. Niliogopa watu watasema karani ameshindwa na mtoto wake. Radhi yangu unayo, wewe na Andrea na huyo aliye tumboni. Mwende nayo."

Wafaransa walipiga makofi. Nadhani waliamini nimesifu soseji.

Fania alinishika mkono, akauweka ubavuni kwake, na ndani kitu kikapiga teke. Kisha akasema chini chini:

"Murakoze, Papa. Nimepokea. Lakini humu ndani Kiswahili tunasikia wawili tu. Hapa ni rahisi."

"Unataka nini tena?"

"Ile barua. Mbele ya kuituma uliisomea watu kwa Rajabu. Iko mutu aliniandikia. Najua walicheka pa wapi."

Nikaweka soseji chini.

"Rudi uwasomee na hii radhi. Na mumoja wao aniandikie kama amesikia. Mumoja wao, si wewe."

"Huniamini?"

"Nakuamini. Lakini ulinikataa mbele ya watu, Papa."

Kurudi

Nilikaa kwao wiki tatu. Nilikula vizuri, nilichanganya udongo na mkwe wangu akijenga ukuta wa bustani, na aliniambia mkono wangu wa karani haufai. Nilimtazama akicheza tena, wakawafunga Waingereza, na safari hii sikubeba kitu cha kunywa. Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi, kwa hiyo haina habari.

Basi ndiyo hiyo safari. Mlipoisikia ile barua ya kwanza mlicheka pale nilipomwita Andrea mtu wa kuchanganya udongo, na mimi nilifurahi mlivyocheka, nikarudia sentensi ile mara mbili. Hicho ndicho ninachojuta kuliko barua yenyewe, kwamba nilimuuza binti yangu kwa kicheko cha jioni moja. Si kosa lenu. Ninyi mlikuwa wasikilizaji tu.

Fania ni binti yangu. Andrea ni mkwe wangu, naye anajenga kuta zilizonyooka. Nilikosa. Ninayasoma haya kwa sauti ile ile niliyosomea yale, na kama kuna aliyekaa nyuma hakusikia, aseme nirudie.

Karatasi hii hapa, na kalamu. Juu ya bahasha nimekwisha kuandika anwani ya Fania. Mmoja wenu aandike. Msiniulize aandike nini. Ninatoka nje, nitasimama barabarani mpaka amalize.